Aliyekunywa kwa Niaba

Kampala, 9 Machi 1964

Ndugu yangu mdogo Lapyem,

Kukiri, kwa maana inayotumika mahakamani, ni kauli ya mtu juu ya nafsi yake mwenyewe, aliyoitoa kwa hiari, inayokubali ama kosa lenyewe ama takriban mambo yote yanayolijenga kosa hilo. Maana hii ina nguzo tatu. Kauli iwe ya mtu juu ya nafsi yake, si juu ya mwingine. Iwe ya hiari, yaani isitokane na tishio wala ahadi ya mtu mwenye mamlaka. Na ihusu kosa, si huzuni wala aibu. Nguzo moja ikianguka, kauli hiyo haipokelewi kuwa ushahidi, hata kama imesikiwa na watu mia.

Nisamehe kwa kutanguliza maana kabla ya salamu. Nimekuwa karani mkalimani wa mahakama kwa muda mrefu, na mkono umezoea. Hujambo? Kile kikohozi cha Januari kimeisha? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Adoch anakusalimu, na watoto wanauliza lini utawachongea kigoda kingine, maana wamekivunja kile cha kwanza kwa kukipigania.

Sasa nikueleze tuliposimama. Hukumu ya kunyongwa uliyopewa Novemba inategemea mguu mmoja tu. Hakuna aliyemwona Odur akichomwa siku ile ya mawindo. Mkuki haukupatikana. Kilichopo ni maneno uliyoyasema Machi mwaka jana, siku ukoo wetu na ukoo wa Odur zilipokunywa oput, kile kinywaji cha mizizi michungu, ili kupatana: “Mkono wangu ndio uliomchoma Odur.” Wao na sisi tulikwisha kubaliana kwamba damu ile imekwisha. Lakini shemeji yao mmoja, mtu wa mbali aliyekuja kula nyama, ambaye kinywaji kile hakikumfunga, aliyabeba maneno hayo hadi polisi. Maneno hayo yakiondolewa katika kesi, hakuna kesi.

Nimemweka wakili, Bwana Noronha, ili aiombe Mahakama ya Rufani iyaondoe. Anahitaji kujua uliambiwa nini kabla ya kunywa, na nani. Niandikie maneno yenyewe, si maana yake. Andika Kiswahili kama ninavyoandika mimi. Bwana jela anayesoma barua hasomi Kiacholi, na barua asiyoielewa haivuki meza yake.

Kaka yako,
Ocitti

*

Gerezani, 22 Machi 1964

Kwa kaka yangu mpenzi Ocitti,

Salamu nyingi sana kwako, kwa shemeji Adoch na kwa wavunja vigoda wote wa nyumba hiyo. Kikohozi kimeisha. Uzima wa mwili ninao, ila usingizi ndio umenitoroka. Barua yako nimeipata imefunguliwa na kupigwa muhuri, kama zote.

Kaka, ile maana yako ya kukiri nimeisoma mara nne. Nilifika darasa la sita tu, lakini nimeielewa. Nimemsomea na jirani yangu wa chumba cha pili, Byaruhanga, kupitia tundu la mlango. Akacheka mpaka askari akamgongea. “Wee Mwacholi!” akaniambia. “Umekunywa dawa ya mwenzio, sasa inakuharisha wewe!” Huyu bwana hutania kila kitu. Nadhani hutania kwa sababu ile ile inayonifanya mimi nihesabu matofali.

Umeniomba maneno yenyewe. Haya. Kabla ya kuinama juu ya kibuyu, Mzee Oryem alinivuta nyuma ya ghala. Wewe unamjua anavyoshika mkono wa mtu kana kwamba anakamata kuku. Akasema, “Mwenye mkono hayupo, na ukoo wao umechoka kungoja. Wa nyumba yake ataweza kuinama badala yake. Utasema ni mkono wako.”

Nikasema, “Mzee, na serikali ikisikia?”

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza mvua ni nini. “Serikali ni mimi, mwanangu. Maneno haya utayameza hapa hapa pamoja na uchungu, wala hakuna atakayekugusa.”

Basi nikaenda. Nikafunga mikono mgongoni, nikainama upande mmoja wa kibuyu na kaka yake Odur upande wa pili, vichwa vyetu vikagusana. Uchungu wa mizizi ile bado ninao kooni hata leo, Kaka, nikila uji wa hapa nausikia.

Mwenye mkono simwandiki. Jaji aliponiuliza, “Kama si wewe, ulimnywea nani?” nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomkasirisha. Hapa vilevile nanyamaza. Wewe unajua kwa nini.

Naogopa sauti ya funguo. Asubuhi askari akija na uji, ni uji tu. Lakini akija na karatasi badala ya uji, wote tunaacha kupumua mpaka tujue ameelekea mlango gani. Fanya haraka, Kaka.

Mdogo wako,
Lapyem

*

Kampala, 8 Aprili 1964

Ndugu yangu mdogo,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba usingizi umerudi japo kwa nusu. Mimi pia silali vizuri. Daktari anasema ni tumbo. Adoch anakuombea kila Jumapili.

Maneno yako nimempelekea Wakili Noronha. Aliposoma “Serikali ni mimi” alivua miwani, akaipangusa kwa tai. “Huyu mzee ni nani kwa cheo?” akaniuliza. Nikamweleza kwamba Mzee Oryem si mkuu wa ukoo tu. Amekuwa chifu mdogo wa serikali katika eneo letu tangu tukiwa shule. Akapiga meza. Kama Oryem alikuwa chifu siku ile, basi mtu mwenye mamlaka alikuahidi usalama ili ukiri, na nguzo ya pili imeanguka. Kilichobaki ni kupata tarehe alipoanza cheo na tarehe alipokiacha.

Sitakuficha kwamba wakili aliona na njia nyingine. Nakuandikia mazungumzo yenyewe, kwa kuwa nami nilikutaka maneno na si maana.

“Nguzo ya kwanza ni nyepesi zaidi,” alisema. “Kauli haikuwa juu ya nafsi yake. Alimnywea nani?”

“Desturi haitaji jina.”

“Desturi yenu haitaji. Majaji watatu watalitaka. Mtu akisema nilibeba mzigo wa mwingine, jambo la kwanza utakalomwuliza ni huyo mwingine yuko wapi.” Kisha akanitazama. “Wewe ulikuwa wapi siku ya mawindo, Bwana Ocitti?”

“Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Kesho yake nikapanda basi la asubuhi kurudi kazini.”

Alifunga faili, akalifunga na kamba yake, akanipa chai.

Nimependekeza tufuate njia ya ahadi. Ni njia safi. Inategemea karatasi, na karatasi haina woga wala jamaa.

Kaka yako,
Ocitti

*

Gerezani, 3 Mei 1964

Kaka,

Salamu. Sijui niseme nimo katika hali gani. Mwili upo.

Jumanne walikuja na karatasi. Byaruhanga alikuwa anamtania askari kwamba uji wa siku hiyo mwepesi hata unaweza kuusomea gazeti. Nyayo zikapita mlango wangu. Nilifurahi, Kaka. Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Kisha nikasikia ufunguo katika mlango wake, na yeye akiuliza, “Mimi?” kwa sauti ya mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Alipopitishwa alisimama kwenye tundu langu. Nilidhani atatania. Akanipitishia kijiko chake, akasema, “Shika, hiki hakijapinda.” Basi. Tukamwimbia siku mbili, kila chumba kwa lugha yake, mpaka asubuhi ile ambayo hatukuwa tena na wa kumwimbia.

Sasa chumba cha pili ni kitupu na mimi ndiye ninayefuata kwa kukaa muda mrefu. Rufaa yangu haijasikilizwa, najua, hawawezi kunichukua kabla. Umeniambia, na wakili ameniambia. Kichwa kinajua. Hata hivyo usiku nahesabu matofali.

Umeipata tarehe ya Mzee Oryem?

Mdogo wako,
Lapyem

*

Kampala, 27 Mei 1964

Ndugu yangu mdogo,

Pole kwa yaliyompata jirani yako. Nimeisoma barua yako ofisini na nikalazimika kutoka nje. Natumaini umekula. Tafadhali kula.

Nilikwenda nyumbani, mara ya kwanza tangu Februari ya mawindo, miaka mitatu iliyopita. Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio sitamaliza.

Mzee Oryem alinikuta mlangoni pake kabla sijabisha. “Karani!” akaita, ili majirani wasikie. “Miaka mitatu hujakanyaga ua huu, leo umefuata nini? Karatasi?”

Nikasema, ndiyo, Mzee, karatasi.

“Nilijua. Msomi haji kusalimu.”

Alinitolea kasha la bati, na ndani yake barua ya serikali ya kumshukuru kwa utumishi wa miaka kumi na tisa. Ninyi mlikunywa mwezi Machi 1963. Barua inasema alistaafu tarehe 31 Desemba 1962. Niliisoma nikasimama, nikaisoma tena. Siku aliyokuambia “Serikali ni mimi,” Lapyem, alikuwa mzee mwenye shamba la simsim.

“Lakini ulimwambia serikali ni wewe,” nilisema.

“Nimekuwa serikali miaka kumi na tisa. Ulimi nao ustaafu kwa siku moja?” Kisha sauti yake ikashuka, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa. “Nilidhani inatosha. Watu wote walikuwa bado wananiita Chifu. Hata yule shemeji mla nyama aliniita Chifu.”

Nilimwuliza kama atakuja mahakamani kusema kwamba ulisimama kwa niaba ya mtu. Alisema atakuja, na atasema hivyo. Akiulizwa jina, hatalitoa: waliohudhuria wamekula kiapo, na jina lile ni la mwenyewe kulitoa. “Mwenyewe akisema, nami nimefunguliwa,” alisema. Hakuyaondoa macho yake kwangu. Mimi nilikuwa nakunja nakala ya barua yake ya kustaafu.

Mama ni mzima, ila amepungua. Alinipikia malakwang, ile mboga chachu, na ugali wa wimbi. Niliposita kula alisema, “Kula. Mwenzio anakula uji wa serikali.” Hakusema lingine mpaka naondoka. Anajua, lakini hakuona. Aliyoyasikia tu si ushahidi.

Njiani kuelekea kituo cha basi nilikutana na mwanamke aliyeolewa katika ukoo wa Odur kwa ng’ombe tuliowalipa fidia ya damu, ili azae mtoto wa kushika nafasi ya marehemu. Amebeba mtoto mgongoni. Nikamwuliza jina la mtoto, kwa adabu tu. “Odur,” alisema. “Wamemrudisha.” Mtoto akanitazama. Sikumbuki nilivyofika kituoni.

Njia ya ahadi, basi, ni dhaifu. Haijafa: wakili atadai kwamba kama wewe uliamini Oryem ana mamlaka, imani yako ndiyo inayohesabika, si barua ya kustaafu. Hukumu za zamani zinagawanyika kuhusu hoja hii. Tunafanya kazi.

Kaka yako,
Ocitti

*

Gerezani, 7 Juni 1964

Kwa kaka Ocitti,

Shikamoo. Nimekuamkia hivyo kwa sababu leo nimekumbuka ulivyonifundisha salamu hii, uliporudi likizo ya kwanza na kaptura ya shule, ukasema ndivyo wanavyosalimiana watu wa pwani. Nikawasalimu mbuzi wote.

“Njia ya ahadi ni dhaifu.” Nimeielewa. “Tunafanya kazi.” Hii nayo nimeielewa.

Kaka, nilipokubali kuinama juu ya kibuyu sikufikiri kamba. Nilifikiri: yeye ana kazi, ana mke na watoto, ndiye aliyenilipia shule, mimi ni seremala. Uchungu wa siku moja. Nilifikiri pia kwamba ukisikia nimekunywa utakuja siku hiyo hiyo unishukuru. Hukuja. Nikasema, kazi nyingi.

Nimejiapiza kutokukuomba. Basi sikuombi.

Lakini pia sikukatazi.

Nilitaka kuandika kwamba siogopi, ili ulale vizuri. Nimeiandika na kuifuta. Hiyo alama chafu unayoiona hapo juu ndiyo.

Mdogo wako,
Lapyem

*

Gerezani, 23 Juni 1964

Kaka,

U mzima? Adoch je? Wiki mbili sasa tangu nikuandikie, na jibu lako halijafika. Nimemwuliza bwana jela kama imezuiwa, akasema hakuna iliyofika. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Wakili alikuja. Rufaa itasikilizwa tarehe 9 Julai. Nilimwuliza habari zako. Alisema unakuja ofisini kwake, unakaa kwenye benchi, unaondoka.

Niandikie hata salamu tupu.

Lapyem

*

Kampala, 1 Julai 1964

Ndugu yangu mdogo Lapyem,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Adoch na watoto nimewapeleka kwao jana. Nilimweleza yote tukiwa tunafunga mizigo. Hakulia. Alikaa juu ya kile kigoda kilichovunjika, akauliza, “Lapyem anajua kwamba unaniambia?” Nikasema bado. Akasema, “Basi mwambie yeye kwanza.” Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia Adoch, kwa hiyo wewe ni wa pili, kama ulivyozoea.

Nitaandika sasa kauli ya mtu juu ya nafsi yake.

Mimi, Ocitti mwana wa Obwona, nilikuwa katika mawindo tarehe 11 Februari 1961. Mkuki wangu ulimpata swala ubavuni. Mkuki wa Odur ulimpata pajani. Aliyetangulia kuchoma ndiye mwenye mnyama. Sote wawili tulisema tumetangulia. Tulikuwa sisi wawili tu, upande wa majani yaliyoungua, na moshi umetuziba. Odur alimshika swala pembe, akacheka. “Karani,” alisema, “mkuki wako umejifunza kuandika jina lako juu ya nyama ya watu?” Alinisukuma kwa mkono wenye damu, na shati langu jeupe likachafuka. Hilo tu. Nimetafuta miaka mitatu jambo kubwa zaidi ya hilo na sikulipata. Nilimchoma chini ya kwapa. Hakuanguka mara moja. Alinitazama kama mtu anayengoja kufafanuliwa.

Wewe ulitukuta. Ulichukua mkuki mkononi mwangu, ukaenda nao mtoni, na sijawahi kukuuliza ulikoutupa. Kesho yake nilipanda basi la asubuhi. Ukoo wake ulidai damu yake, Mzee Oryem akaniandikia mara tatu nije ninywe, nami nikajibu mara tatu kwamba kazi imenizidi. Ukainama wewe.

Kama ningejitokeza mapema, pengine ingeitwa kuua bila kukusudia. Wakili Noronha aliniambia hivyo nikiwa kwenye benchi lake, bila kunitazama, kana kwamba anazungumza na mwanasheria mwenzake kuhusu mtu wa tatu. Nilipofungua kinywa aliinua mkono. “Usiniambie mimi,” alisema. “Mimi ni wakili wake, nikilijua nitalazimika kulitumia. Kama unataka litumike, liandike penye macho ya watu.”

Sehemu yenye macho ya watu ninayoijua ni meza ya bwana jela. Barua hii itafunguliwa kabla yako. Itasomwa, itapigwa muhuri, na huyo aliyeisoma atalazimika kuamua aipeleke wapi. Nimeiandika kwa hati ya wazi. Nakala nimeitia sahihi na kumpelekea Mzee Oryem, ili kiapo chake kifunguliwe. Tarehe 9 nitakaa korido ya mahakama, nyuma ya mlango ambao nimeufungulia mashahidi wa watu wengine miaka kumi na moja, na nitaitikia nikiitwa.

Linabaki swali moja, nalo linanisumbua kama mtu wa kazi hii. Nilikuandikia kwamba kauli isiyo ya hiari haipokelewi. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyeniahidi kitu. Bwana jela hawezi kuniahidi chochote, Mama hakunisemesha, nawe ulisema huniombi. Kwa kila kipimo ninachokijua, nguzo zote tatu zimesimama. Hata hivyo nisingeandika neno hili kama si nyayo zile ulizozieleza, zikipita mlango wako. Tangu Mei nazisikia huku. Hupita ofisini, hupita kanisani, na kila zinapopita mlango wangu nafurahi kwa muda wa pumzi moja, kama ulivyofurahi wewe, kisha najua zinakwenda kwako. Siandiki kwa ushujaa. Naandika kwa kuwa siwezi tena kustahimili furaha ile.

Wewe ulikiri kwa hiari kamili jambo usilolitenda, na wakasema ni ushahidi. Mimi nakiri nililolitenda kwa sababu hofu haikuniachia njia nyingine. Niambie basi, Lapyem, kama barua hii itaruhusiwa kukufikia: ungamo langu ni la hiari?

Kaka yako,
Ocitti